Kulifuata Deni Hadi Ujiji

Kijana aliyekuwa akiishi Ujiji mwaka 1914 aliweza, bila kuhama nyumba, kutawaliwa na serikali tatu katika muda wa miaka saba. Mjerumani alikuwapo hadi mwishoni mwa Julai 1916, Wabelgiji walipoingia Kigoma wakitokea Kongo. Mbelgiji naye akakaa hadi Machi 1921, akamkabidhi Mwingereza. Kila mmoja alikuja na fedha yake, lugha yake ya ofisini na madaftari yake ya kuandikia watu. Babu yake mama yangu aliandikwa katika baadhi ya madaftari hayo. Nimemtafuta humo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu.

Tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa kidogo. Alikuwa Mmanyema. Alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani. Vita vilipoanza aliondoka na kampuni yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua alipo. Kisha mtu aliyetoka pwani akaleta salamu kwamba amemwona, mzima wa afya, ila sasa amevaa nguo za Mwingereza. Baada ya hapo, kimya. Katika ukoo kuna wanaosema alifia Msumbiji. Wako wanaosema alioa huko Nyasa akasahau kwao. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyomuuma mkewe, ambaye ukoo mzima unamwita Bibi Mkubwa, hadi siku anaingia kaburini. Kwa ajili yake niliona jambo hili lisiachwe lilivyo.

Habari ya kubadili nguo ndiyo iliyonipa pa kuanzia, maana inaingia sawasawa katika historia. Mwaka 1917 Waingereza walihitaji askari waliokwisha kuzoea pori na vita vya pori, na walikuwa nao tayari kambini: mateka waliokuwa askari wa Mjerumani. Wakaunda kwao kikosi kipya cha King's African Rifles, kikosi cha sita. KAR, ambayo wazee wetu waliiita Keya, ilianza vita ikiwa na watu wasiofika 3,000, ikamaliza ikiwa na zaidi ya 30,000. Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, Keya wakamfuata nyuma, mwaka mzima wa kuviziana na kufa kwa homa, hadi aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo mtu aliweza kuanza vita akiwa mwindwa na kuvimaliza akiwa mwindaji, na wala asiwe msaliti machoni pa wenzake. Askari ilikuwa kazi, na mwajiri alikuwa amebadilika.

Kujua kwamba jambo linawezekana si kumpata mtu. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, nikaomba majalada ya Wajerumani. Yale yaliyobaki Dar es Salaam ni ya utawala zaidi: mashamba, kodi, ardhi, shule, mabarabara. Yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani, herufi nyembamba zilizolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na hata Mjerumani wa leo hazisomi bila kufundishwa. Nilijifunza kuzisoma polepole. Nikajua bei ya ng'ombe, nikajua mabishano ya wamisionari, lakini orodha ya askari sikuiona. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Ujerumani zilihifadhiwa Potsdam, na Aprili 1945 jengo lililozihifadhi liliteketea kwa mabomu. Vita vya pili vilichoma kumbukumbu za vita vya kwanza.

Upande wa Mwingereza nilikuwa na matumaini zaidi. Shajara za vita za vikosi vya Keya zipo Kew, London, na niliagiza nakala za kurasa za mwaka 1918. Zimeandikwa kwa uangalifu. Zinataja mvua, mto uliovukwa, saa risasi ya kwanza iliposikika. Afisa Mwingereza akijeruhiwa anatajwa kwa jina, cheo na mahali risasi ilipompata. Mwafrika anatajwa kwa hesabu: wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa, mmoja haonekani. Nilisoma kurasa hizo nikijua kwamba mmoja wa hao "mmoja haonekani" huenda ni damu yangu, na kwamba aliyekuwa ameshika kalamu alimjua kwa sura na labda kwa jina.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri yenyewe jambo hili. Ripoti ilisema kwamba waliokufa wakilitumikia jeshi la dola ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, si chini ya 116,000, na huenda wanafika 350,000. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Walipopaswa kuchongewa majina, walijengewa sanamu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam imesimama katikati ya mji tangu 1927, bunduki mkononi, na kila siku watu wanaelekezana kwayo. Nimeizunguka mara nyingi kusoma maandishi yake. Hakuna jina hata moja la askari.

Aliyenielekeza njia ni mtunza nyaraka mmoja, mtu mzima wa maneno machache, aliyekuwa amechoka kuniona nikirudisha majalada nikiwa mtupu.

"Huyo babu yako aliacha mke?" aliniuliza.

"Aliacha."

"Basi mtafute mke. Askari haandikii serikali barua. Anayeandika ni mwenye kudai."

Sikulala vizuri usiku ule, maana nilijua ni kweli. Wamarekani weusi wanaitumia njia hii miaka mingi. Takriban wanaume weusi 180,000 walipigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sheria ya mwaka 1862 iliwapa wajane haki ya kudai pensheni. Lakini mtumwa hakuwa na cheti cha ndoa. Mjane ilimbidi alete mashahidi: aliyemzalisha, aliyekuwepo siku ya arusi, aliyefanya naye kazi shamba moja. Wachunguzi wa serikali wakawahoji na kuandika kila kitu, mara nyingine kwa dharau na mashaka. Leo wajukuu wanakwenda Washington kusoma majalada hayo ya pensheni, na ndimo wanamopata majina ya mashamba, ya mabwana, ya ndugu waliouzwa mbali. Serikali ilikuwa inalinda fedha zake. Katika kuzilinda ikahifadhi maisha ya watu ambao isingewahifadhi kwa sababu nyingine yoyote.

Kwetu hapakuwa na ukarimu hata wa namna hiyo. Askari aliyekufa alikuwa na mshahara uliobaki, na warithi wangelipwa kama wangejulikana. Mpagazi hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Watu kama milioni moja waliibebea mizigo Uingereza katika vita hivi, wengi kwa rupia 5 au 6 kwa mwezi, na vifo vilivyohesabiwa rasmi ni kama 95,000. Maelfu kwa maelfu walikufa bila warithi wao kuonekana, kwa sababu karani aliandika jina alivyolisikia, au aliandika jina la kijiji mahali pa jina la baba, au kibati cha namba kilizikwa na mwenyewe. Fedha yao ikabaki mikononi mwa serikali. Maofisa waliokuwa huku waliomba irudishwe iwafae watu wa nchi walikotoka marehemu. London ikakataa. Kila ninapopita Kariakoo, penye soko lililosimama palipokuwa kambi ya wapagazi hao, nakumbuka kwamba humo ndani ya London kuna deni lililofungwa kitabu bila kulipwa.

Kabla ya kurudi Upanga nilipata nafasi ya kufika Berlin kwa shughuli nyingine, nikaenda Brunnenstraße. Pale kwenye njia ya miguu, mbele ya nyumba namba 193, kuna kibamba kidogo cha shaba chenye jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Mjerumani, na mwenyewe aliingia vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin akadai mishahara iliyobaki, wake na wa baba yake. Dai likakataliwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa hoteli, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu. Wanazi wakamkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, naye akafia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Katika maelfu ya askari waliotoka kwetu, huyu tunamjua mwaka wake wa kuzaliwa, kazi zake, ndoa yake na siku aliyokufa. Sehemu kubwa ya haya imebaki kwa sababu alikwenda kwenye dirisha la ofisi akasema: nipeni changu. Angekaa kimya Dar es Salaam, angekuwa mmoja wa wasio na jina.

Niliporudi Upanga niliacha kutafuta neno askari. Nikaanza kutafuta neno mirathi. Nikapitia majalada ya wilaya za magharibi ya miaka ya mwanzo ya Mwingereza, yale ya mali za marehemu na mashauri ya wenyeji, ambayo hayavutii mtu anayetafuta vita. Ndani ya mojawapo kulikuwa na karatasi ya Kiswahili, kwa mwandiko mzuri wa karani, chini yake alama ya dole gumba. Nyuma yake ilibanwa barua fupi ya Kiingereza iliyopigwa chapa.

Alikuwa Bibi Mkubwa.

Nilimjua kwa majina ya watoto, maana mmoja wao ni aliyemzaa mama yangu. Amesema ameolewa Ujiji, akamtaja mwalimu wa chuoni aliyewaozesha na mahari iliyotolewa. Amesema mumewe aliondoka na Wadachi katika Ramadhani, kabla ya Idi. Nilihesabu nyuma: Ramadhani ya mwaka huo iliandama katika siku za mwisho za Julai 1914, na vita vilitangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti. Mwanamke asiyejua kusoma aliitunza tarehe vizuri kuliko ofisi iliyomhoji. Amesema salamu zilimfikia kwamba mumewe ameingia Keya. Ametaja mashahidi wawili: jirani yake, naye mke wa askari, na mdogo wa mumewe, anayeishi Kasongo, ng'ambo ya ziwa. Na alipoulizwa kwa nini amekuja kudai miaka imekwisha kupita, jibu lake limeandikwa kikamilifu. Boma lilikuwa la Wabelgiji. Alikwenda, wakamwambia askari wa Mwingereza si wao. Akangoja Mwingereza aje.

Hapo nilielewa jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote. Vita viliisha Novemba 1918, na watu wa Tabora au Dar es Salaam tayari walikuwa na boma la Mwingereza mlangoni. Mjane wa Keya aliyeishi Ujiji hakuwa na mlango wa kugonga hadi 1921, kwa sababu mataifa mawili rafiki yalikuwa bado yanagawana ardhi. Mumewe alikufa chini ya bendera moja, yeye akaishi chini ya nyingine, na miaka ile iliyopotea katikati ikaja kuhesabiwa kuwa uzembe wake.

Barua ya Kiingereza ina mistari michache. Inasema mlalamikaji hana namba ya askari, jina alilotoa halionekani, na bila namba hakuna la kufanya. Jina alilotoa ni la Kimanyema, jina la nyumbani, alilomwolea. Jeshini alikuwa na jingine. Walioingia jeshini wengi waliandikwa majina mapya, ya Kiislamu au ya kupachikwa, na ndiyo yaliyobebwa na orodha. Kwa hiyo ukuta ulionizuia mimi kwa miaka yote hii ni ule ule uliomzuia yeye. Yeye alikuwa na mume asiye na namba, ofisi ilikuwa na namba zisizo na wake. Fedha ikakaa katikati.

Nilitaka karatasi hii isomwe Ujiji, si kwenye simu. Nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Dodoma, safari ya saa chache, kisha nikaingia reli ya zamani kuelekea magharibi. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi tu kabla ya vita, na askari wengi walisafirishwa kwayo kabla ya kuanza kutembea. Baada ya Manyoni pori linafunga pande zote mbili, miti mifupi iliyosongamana, kisha miombo isiyokwisha. Stesheni za usiku zina akina mama wenye asali kwenye chupa na kuku wa kuchemsha. Mzee mmoja aliyekaa mkabala nami aliniuliza naenda msibani au harusini. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, akasema babu yake naye alichukuliwa kubeba mizigo, kutoka Uha, na kwamba nyumbani kwao kaburi lake ni shimo lisilo na mtu, walizika nguo. Alinitajia jina la babu yake mara mbili nilisikie vizuri. Nimeliandika.

Kigoma inatokea ghafla, ziwa likiwa chini na milima ya Kongo ng'ambo yake siku ikiwa safi. Hapo bandarini ndipo Wajerumani waliiunganisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe Julai 1916 wasije wakanyang'anywa. Waingereza waliiibua, na tangu 1927 imekuwa Liemba. Katika bandari hiyo hiyo askari wa mwisho wa von Lettow-Vorbeck waliteremshwa baada ya kusalimu, wakipelekwa Tabora kufungwa. Walikuwa zaidi ya elfu moja. Njia yao ilipita kilomita chache tu kutoka nyumba ya Bibi Mkubwa, na mama yangu aliambiwa kwamba wanawake wa Ujiji walikwenda kusimama wakitazama nyuso.

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, anaishi karibu na miembe ya ukumbusho wa Livingstone. Amepita miaka themanini na macho yake bado yanaona sindano. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kichwa, akataka nile kwanza. Wali wa mawese na migebuka. Baada ya sala ya alasiri tukakaa barazani nikamsomea karatasi ya Kiswahili yote, taratibu, kisha nikamtafsiria ile ya Kiingereza.

Hakulia, kama nilivyohofia. Alikasirika.

"Walimwambia mlalamikaji," alisema. "Alikuwa anadai, hakuwa analalamika. Soma tena pale aliposema alingoja."

Nikasoma tena.

"Ile nyumba ilisema mambo mengi juu yake, mwanangu. Ati alikuwa anamsingizia Keya mume aliyemkimbia. Alikufa wakisema hivyo. Na hapa kuna mwalimu wa chuo, kuna mahari, kuna dole lake." Akaigusa nakala kwa kidole. "Hii ipelekwe kwa kila mtoto wa ukoo huu."

Kisha akaniuliza jina la yule shahidi wa Kasongo, nikalirudia. Akakaa kimya. Alipokuwa msichana mdogo, akasema, kulikuwa na mzee aliyekuja kwa mashua kutoka ng'ambo, akalala nyumba ya nyuma siku kadhaa, na Bibi Mkubwa akampikia mwenyewe, asimwachie mtu. Watoto walikatazwa kumuuliza maswali. Walimwita Baba wa Kasongo. Aliporudi kwao alituma vitenge, na baadaye wanawe wakahamia Kalemie, wakaendelea kutuma salamu kila alipopatikana mtu wa kuaminika. Mama Mkubwa alidhani maisha yake yote kwamba ni rafiki wa biashara.

Kesho yake tulikwenda Kibirizi, kwenye boti za dagaa na za mizigo. Mama Mkubwa anamjua mfanyabiashara mwanamke anayevuka mara kwa mara, na alizungumza naye kwa Kimanyema chao muda mrefu, akirudia mambo hadi aliporidhika kwamba yameshikwa. Niliandika maswali kwenye karatasi ili yasipotee njiani: jina la baba aliyewazaa hao ndugu wawili, jina la mtawala wa kwao, kwa kuwa karani wa jeshi alizoea kuuliza mtu ni wa kabila gani na wa chini ya nani, na jina ambalo mkubwa alilitumia Keya, endapo mdogo wake aliwahi kulitamka mbele ya wanawe. Hilo la mwisho Mama Mkubwa aliniamuru nilipigie mstari. Tukilipata tutarudi kwenye orodha tukiwa na kitu ambacho Bibi Mkubwa hakuwa nacho siku ile bomani, na dai lake, alisema, litasomwa upya kuanzia hapo lilipokatwa.